Kromi Mbele ya Kioo

Shirakabe Tomoe alikuwa na dirisha moja tu duniani la kuliita lake, na msimu ule wa majaribio walitaka kumnyang'anya. Lenyewe halikuwa na pazia wala mandhari ya kusifia. Lilikuwa tundu la kupitisha kichwa cha mtoto, limezibwa kwa kioo kinene, kwenye ubavu wa mtambo uliojengwa juu ya vilima vya Gifu, Japani. Ndani ya mtambo huo sumaku kubwa zilishikilia gesi iliyochomwa mpaka ikawa plazma, moto unaoning'inia hewani bila kugusa ukuta, kwa matumaini kwamba siku moja watu watapika wali kwa umeme wake. Mji wa chini ya kilima unaishi kwa kufinyanga vikombe na bakuli, kwa hiyo wafanyakazi wakauita mtambo Chungu, na jina likaganda.

Kuna jambo moja ambalo wageni hawalijui kuhusu Chungu, na Tomoe alikwisha kuchoka kulieleza. Katikati yake, penye joto lisilosemeka, macho hayaoni kitu. Pamezidi joto hata mwanga wa kuonekana hautoki. Kinachong'aa ni ukingo tu, pale plazma inapopoa kidogo na kukaribia ukuta. Wakubwa wote walisomea katikati. Tomoe alisomea ukingo. Kazi yake ilikuwa kuudaka mwanga wa pale, kuupitisha kwenye chombo kinachoupasua rangi moja moja, kisha kusoma katika mistari ya rangi ni kitu gani kimeingia humo bila kualikwa. Oksijeni ina mistari yake, kaboni ina yake, chuma kina yake, na hakuna anayeweza kuvaa ya mwenzake.

Zamani kundi la mwanga lilikuwa la watu wanne. Mmoja akastaafu akaenda kulima chai Shizuoka, mmoja akahamia Kyushu, mwingine akamfuata mumewe. Nafasi zao hazikujazwa. Viti vilibaki, na Tomoe akawa anaweka koti kwenye hiki na maboksi kwenye kile ili chumba kisionekane kitupu. Nyumbani nako hakuwa na mume, mtoto wala paka. Mwenye nyumba alikataza paka. Alikuwa na umri wa hamsini na ushei, na kuna Jumapili ambazo neno pekee lililomtoka kinywani ni ahsante, alipopewa chenji dukani.

Mwalimu Tarumi, mkuu wa majaribio, alimwita mwanzoni mwa vuli. Akamkaribisha chai, akazungumzia mvua, kisha mgongo wake unaomsumbua, ndipo akalitoa lililokuwa moyoni. Kamati inayogawa madirisha ingekaa mwisho wa msimu. Yule kijana Aizono alihitaji dirisha kwa ajili ya kamera yake ya kupima joto, na madirisha yamekwisha. Kama Shirakabe-san, kama walivyomwita kwa heshima pale kazini, atakuwa na jambo la maana la kuonyesha, kamati itasikia. Kama hana, kipo chumba kizuri orofa ya tatu, ataweza kuchambua data za miaka iliyopita kwa utulivu. Tomoe aliinamisha kichwa, akashukuru kwa chai. Utulivu alikuwa nao wa kugawia wilaya nzima.

Akapiga moyo konde. Chombo chake kilitazama ndani ya Chungu kwa mkono mrefu wa chuma uliopenya dirishani kando ya kioo kinene, wenye kioo kidogo nchani, na kioo chenyewe kimekaa ndani ya kikombe cha chuma kisichoshika kutu. Mkono ulitokea upande wa ndani wa mtambo, uliojengwa kwa umbo la pete, na kutazama ng'ambo, upande wa nje, ilipo antena ya kupashia plazma joto. Kabla msimu haujafunguliwa aliusogeza mkono mbele kidogo tu, upana wa kidole, ili kioo kione vizuri zaidi. Alikuwa na ruhusa ya kufanya hivyo. Hakuna aliyemuuliza.

Antena ile ilikuwa ya Kunieda Hisao, na Kunieda ndiye mtu pekee aliyekula na Tomoe mchana. Alikuwa mfupi, mbishi, mkewe na wanawe wako Sendai na yeye yuko huku peke yake kikazi, kama nusu ya wanaume wa kituo kile. Hakupenda uyoga. Kila waliponunua tambi za mchuzi kantini, aliokota uyoga wake mmoja mmoja kwa vijiti na kuutupia kwenye bakuli la Tomoe, bila kuomba radhi, huku akilalamika juu ya wapishi.

"Unakula tu, Shirakabe-san, huulizi hata kama una sumu," alimwambia siku moja.

"Ukiwa na sumu kamati itapumzika. Lete."

"Wewe nawe. Haya, antena yangu inaonekanaje huko kwenye dirisha lako?"

"Inapendeza kuliko mwenyewe."

Kunieda alicheka mpaka mchuzi ukampalia. Antena ile alikuwa ameichora, akaikata, akaiunganisha na kuililia bajeti miaka na miaka, na wenzake walimtania kwamba wanawe wa kuzaa hawajawahi kutazamwa hivyo.

Katikati ya msimu Chungu kikaanza kugoma. Plazma iliwashwa vizuri, ikapanda joto, kisha ghafla ikafifia na kunywea, mwako baada ya mwako. Mtu yeyote wa kazi ile anajua maana yake: chembe za chuma zimeingia, na plazma iliyochafuka na chuma humaliza joto lake kwa kung'aa ovyo. Swali lilikuwa zinatoka wapi. Mtambo mzima ni chuma.

Tomoe ndiye aliyeuona mstari. Ulikuwa wa bluu iliyokolea inayoelekea zambarau, mstari wa kromi, na kromi imo kwenye chuma kisichoshika kutu. Ulipanda kila mara kabla ya plazma kufa. Akaupeleka kwenye mkutano wa asubuhi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi watu waliweka simu zao chini alipokuwa anaongea.

Mwalimu Tarumi akauliza, "Kromi hii inatoka wapi, Shirakabe-san?"

"Kioo changu kinatazama antena," alisema Tomoe. "Huenda inatoka kwenye antena."

Pale kituoni, mtu akisema huenda mbele ya wakubwa, wasikilizaji huchukulia kwamba ana hakika na anaona haya kujigamba. Tomoe alilijua hilo, amekulia humo. Angeweza kuongeza neno, kwamba bado hajapima hili na lile. Hakuongeza. Vichwa vikatikisika kuzunguka meza, na Kunieda, aliyekaa upande wa pili, akayatazama makaratasi yake kana kwamba yameandikwa kwa lugha ngeni. Mkutano ulipokwisha ilikuwa imeamuliwa. Antena izimwe kuanzia siku ile, Alhamisi ya wiki iliyofuata ivutwe nyuma kwenye ala yake, maana hata ikizimwa chuma chake bado kiko karibu na plazma, na msimu ukimalizika itolewe kabisa.

Kuanzia hapo maisha ya Tomoe yalibadilika, na mimi sitamlaumu kwa kuyafurahia. Watu walipita mezani kwake. Vijana waliomsalimia kwa kuinamisha kidevu tu sasa walisimama wakamuuliza maswali. Aizono mwenyewe, aliyekuwa analimezea mate dirisha, alimletea kahawa ya kopo kutoka kwenye mashine na kusema kwamba inaonekana itabidi atafute tundu jingine, labda achimbe. Jioni walimchukua kwenda kula mishikaki ya kuku kwenye kile kibanda karibu na stesheni, wakambana katikati ya benchi, mabega yakigusana, wakamjazia bia glasi kabla haijafika nusu. Alikuwa amesahau kwamba watu wana joto. Mwalimu Tarumi alimnong'oneza kwamba kamati imekwisha kupata habari na imependezwa.

Alifurahi, akaona aibu kufurahi, halafu akafurahi tena. Kunieda hakuonekana kantini. Alikula mezani kwake, mkate wa dukani, mgongo umeelekea mlango. Walipokutana kwenye ngazi aliinama vizuri, kwa adabu zote, kama mtu anavyomwinamia mgeni kutoka wizarani, na Tomoe akaona ni afadhali angemtukana.

Jumanne Mwalimu Tarumi alimwomba namba za kuipa kamati. Kuna kromi kiasi gani, ina kasi gani, mambo ya namna hiyo. Ili kuzipata ilibidi abadilishe kioo cha michirizi, kile kinachoupasua mwanga, ndani ya chombo chake. Kile alichotumia msimu mzima kilionyesha rangi zote kwa mkupuo, lakini juu juu. Kile kingine kilionyesha kipande chembamba sana cha rangi, ila kilikifungua wazi kabisa. Kukibadilisha ni kazi ya subira, na siku zile za haraka hakuna aliyekuwa na subira, yeye mwenyewe akiwamo. Akakibadilisha, akasubiri mwako uliofuata, akautazama mstari wake wa kromi kwa karibu.

Mstari ulikuwa umepasuka. Hilo alilitegemea. Mwanga unaozaliwa ndani ya nguvu ya sumaku haubaki mstari mmoja, hugawanyika, na sumaku ikiwa kali zaidi vipande huachana zaidi. Katika Chungu, upande wa nje ilipo antena sumaku ni dhaifu. Upande wa ndani ni kali. Kwa hiyo ukipima nafasi kati ya vipande unajua mwanga ulizaliwa wapi, kama vile lafudhi ya mtu inavyokutajia kwao.

Nafasi ilikuwa pana mno. Akapima tena kwenye mwako mwingine, na mwingine. Akadhani ameweka kioo cha michirizi vibaya, akakikagua kwa taa ya neoni, kikawa sawa. Kromi ile haikuzaliwa kwenye antena. Ilizaliwa upande wa ndani, vidole vichache tu mbele ya kioo chake, na mbele ya kioo chake hakukuwa na chuma kingine isipokuwa kikombe chake mwenyewe, alichokisogeza mbele kwa upana wa kidole ili kioo kione vizuri. Ukingo wa plazma ulikuwa unakilamba na kukibandua. Chombo chake kilisoma mwanga wote uliokuwa kwenye mstari wa macho yake, wa mbali na wa karibu, na yeye akauhesabu wote kuwa wa mbali. Alikuwa kama mtu aliyesimama dirishani, akaona moshi, akapiga kelele kwamba kwa jirani kunaungua, kumbe moshi unapanda kutoka jikoni kwake.

Akakaa kwenye kiti cha yule aliyekwenda Shizuoka, juu ya koti lake mwenyewe, akabaki hapo.

Kilichomjia kwanza hakikuwa kizuri, na alijua kwamba si kizuri. Alhamisi antena ingevutwa nyuma. Kama saa hiyo hiyo na yeye angeurudisha mkono wake kwa upana ule wa kidole, kwa kitufe tu, bila kelele, kromi ingekwisha. Watu wangesema antena imetoka na plazma imepona. Dirisha lingebaki lake, benchi la mishikaki lingebaki lake, na hakuna mtu duniani ambaye angejua, kwa sababu mtu pekee aliyeweza kujua ni yeye. Kundi la mwanga lilikuwa yeye. Hapakuwa na mwenzake hata mmoja wa kumsuta.

Akaenda nyumbani, akakata kabichi, akaiacha kwenye ubao. Alimfikiria Kunieda akila mkate. Alitamani kumpigia simu, akagundua kwamba miaka yote ile ya kula pamoja hawakuwahi kupeana namba; hakukuwa na haja, si mchana walikuwa wanaonana. Aliogopa. Orofa ya tatu aliiona wazi machoni, ile korido yenye zulia la kijivu ambako hata wasafishaji hawazungumzi. Alilia kidogo, akanawa uso, akala kabichi mbichi kwa chumvi.

Asubuhi ya Jumatano aliomba nafasi kwenye mkutano. Walidhani ameleta namba. Akaonyesha mstari uliopasuka, akaonyesha upana wake, akaandika ubaoni nguvu ya sumaku ya upande wa nje na ile ya upande wa ndani, akazungushia ya ndani duara. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mwalimu Tarumi akavuta hewa kupitia kwenye meno, kama afanyavyo anapotamani jambo lisiwe.

"Shirakabe-san," alisema taratibu, "tunaweza kusema kwamba huenda?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa heshima kabisa, wa kutokea yeye na dirisha lake. Kama angesema huenda, mambo yangeahirishwa, yangechunguzwa, yangekufa kifo cha polepole baada ya kamati kukaa. Tomoe aliona nyuso zote zinamsubiri aingie mlangoni, na nyingi zilikuwa nyuso za watu waliomjazia bia.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Nina hakika. Kromi ni ya kikombe changu. Nilikisogeza mwenyewe. Antena ya Kunieda-san haina kosa."

Akainama, akabaki ameinama mpaka mgongo ukauma. Alipoinuka walimshukuru. Walimshukuru vizuri sana, kwa maneno yote yanayofaa, na Mwalimu Tarumi akasema kwamba ukweli wa namna hii ndio unaosogeza kazi mbele. Kisha akasema kwamba bila shaka, kwa usalama wa mtambo, mkono utolewe wote na tundu lifungwe kwa sasa, na kwamba Aizono aanze kuandaa kamera yake. Aizono hakufurahi kama mwenyewe alivyotarajia. Alikuwa anachezea kalamu, macho chini.

Kunieda alimsubiri kwenye korido. Tomoe alikuwa ameyaandaa maneno ya kuomba msamaha tangu alfajiri, akayaanza, lakini Kunieda alimkatiza kwa mkono.

"Sikukasirika kwa sababu ya antena," alisema. "Vitu vya chuma vinakosea, vinatengenezwa. Ila ungeniuliza, Shirakabe-san. Kabla ya kusimama mbele ya wale wote. Nilikuwa nimekaa mbele yako kila siku ya Mungu."

"Nilitaka kulishika dirisha."

"Najua ulichotaka. Kila mtu anajua." Akatazama viatu vyake. "Mimi nilidhani ukiwa na jambo la maana, wa kwanza kumwambia ni mimi. Ni ujinga wangu, basi."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Akainama, safari hii haraka haraka, akaenda kuwasha antena yake.

Mchana wa siku ile ile walijaribu. Kuutoa mkono ilikuwa kazi ya Tomoe, maana hakuna mwingine aliyejua vitufe vyake. Akabonyeza, akausikia kwenye spika mlio wa mota ikivuta chuma nyuma, taratibu, mpaka mkono ukaingia wote kwenye ala na kifuniko kikashuka. Akatoa taarifa kwamba tayari. Antena ikawashwa, sumaku zikashiba, sauti ya mhesabuji, anayehesabu kurudi nyuma kabla ya kila mwako, ikashuka mpaka sifuri.

Plazma ikashika. Ikapanda, ikatulia, wala haikunywea. Mahali ilipozoea kufa ikapapita, ikaendelea, na watu wakaanza kusimama mmoja mmoja kutoka vitini. Ulikuwa mwako mrefu kuliko yote ya msimu. Ulipozimika kwa mpango, si kwa kufa, chumba kizima kikapiga makofi, na kila mtu akamwinamia jirani yake na kumwambia pole na kazi. Tomoe naye alisimama, akapiga makofi, akainama kulia na kushoto. Mwanga aliuona pale walipouona wote, kwenye skrini kubwa ya ukutani, ile wanayowekewa watoto wa shule wanaoletwa kutembelea. Aliona rangi ya waridi inayotikisika. Haikumwambia kitu.

Watu walikuwa wamemzunguka Kunieda, wanampigapiga mgongoni. Kutoka katikati yao aligeuka, akamtafuta Tomoe kwa macho, na kwa kuwa furaha ilikuwa imemsahaulisha hasira, akamwuliza kwa sauti ya siku zote, juu ya vichwa vya watu.

"Shirakabe-san, kromi je? Imekwisha?"

Tomoe aliitazama skrini yake. Palikuwa na giza tupu lenye namba za muda pembeni, na chini yake mstari ulionyooka, usiopanda wala kushuka, wa chombo kilichofunikwa macho.

"Sijui," alijibu. "Sioni tena."

Kunieda alifungua kinywa kusema kitu. Lakini mtu mmoja alikuwa anamwita aje aone grafu ya joto, mwingine amemshika mkono, na mhesabuji alikwisha kutangaza maandalizi ya mwako unaofuata. Akageuka kwenda nao. Tomoe akaketi, akavuta kiti karibu na meza, na kwa kuwa hakuwa na kazi yoyote ya kufanya katika mwako huo, akaweka mikono mapajani na kusubiri pamoja na wengine.